Barua kwa Salim: majani ya Korogwe

Korogwe, 14 Septemba 2025

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, hofu ni juu yako uliye mbali. Mama nilimwona Ijumaa, anatembea mwenyewe mpaka dukani, na goti halimsumbui tena kama ilivyokuwa mwezi wa Ramadhani. Kwa hilo usiwe na wasiwasi.

Picha uliyonitumia imeninyima usingizi. Friji nzima ya nyama hapo Maskati, ya Brazil, ya India, ya Pakistan, ya Australia, halafu unaniuliza, "Ya kwetu iko wapi?" Nilianza kukujibu kwa simu nikafuta. Hili halijibiki kwa mistari miwili.

Unayakumbuka yale majani marefu ya kando ya reli, yaliyokuwa yakitukata mikono tukitoka madrasa? Miaka ya 1960 watafiti wa Kifaransa walipita huku Korogwe wakakusanya mbegu zake. Baadaye zikafika Brazil, mikononi mwa Embrapa, shirika la serikali la utafiti wa kilimo lililoanzishwa mwaka 1973. Wakazipanda, wakalinganisha, wakachagua. Mwaka 1990 wakawapa wafugaji aina moja, wakaiita Tanzânia. Mwaka 1993 wakatoa nyingine, Mombaça, nayo chimbuko lake ni hapa hapa Korogwe. Kwa hiyo ile nyama ya Brazil uliyoipiga picha, huenda ng'ombe wake alinenepa kwa majani tuliyokuwa tukijifichia utotoni.

Na ng'ombe wao maarufu, Nelore, asili yake India. Majani ya Afrika, ng'ombe wa India, na serikali iliyoshikilia jambo moja miaka hamsini. Siku hizi nikisikia mtu anasema nyama yetu inashindwa sokoni kwa sababu wafugaji wetu ni wavivu, damu inanichemka. Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu ng'ombe zaidi ya milioni 33 nchini. Mvivu hafugi ng'ombe milioni 33.

Acha nikueleze yaliyonikuta mwaka jana, maana sikukuambia yote. Nilinunua maksai 18 mnadani, wamekonda kwa kiangazi. Nikawafungia zizini, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, molasi kidogo, majani makavu, maji muda wote. Hesabu yangu ilikuwa siku 90. Walipendeza, Salim, mgongo umejaa, ngozi inang'aa. Zimebaki siku nne niwauze, ukaingia ugonjwa wa miguu na midomo kijiji cha jirani. Karantini. Minada ikafungwa wiki sita. Wangu hawakuugua hata mmoja, lakini hakuna pa kuwapeleka, na ng'ombe aliyekwisha kunenepa haongezi nyama ya maana, anakula tu. Kila asubuhi nikifungua gunia la mashudu nilikuwa naona mtaji unaingia mdomoni mwao. Nilipouza, faida yote ilikuwa imeliwa na deni juu.

Siilaumu karantini. Bila hiyo ugonjwa ungesambaa wilaya nzima. Ninacholilia ni chanjo kabla ya karantini. Brazil walichanja ng'ombe wao dhidi ya ugonjwa huo miongo na miongo, kwa lazima, na Mei mwaka huu Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeitambua nchi yao yote kuwa huru na ugonjwa huo hata bila kuchanja tena. Hapo milango ya masoko mengi inaweza kufunguka. Sisi tunauza nje pia, mwaka 2022/23 zilipita tani 14,000, lakini sehemu kubwa ni mbuzi na kondoo.

Tumeanza, lazima niseme. Juni mwaka huu Rais Samia alizindua kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo kule Bariadi, ya miaka mitano. Serikali inabeba nusu ya gharama, mfugaji anatoa shilingi 500 kwa ng'ombe, na ng'ombe anavishwa bure hereni za kielektroniki za kumtambulisha. Kwa ng'ombe chanjo hiyo ni ya homa ya mapafu, ugonjwa mbaya kweli, nami nashukuru. Ila hofu yangu ni mwaka wa sita. Kule Mpwapwa kituo cha serikali kilihangaika miaka mingi kutengeneza aina yetu wenyewe ya ng'ombe, ikapewa jina la Mpwapwa, na leo ukitaka dume safi wa aina ile utazunguka mpaka viatu viishe. Tunajua kuanza.

Kingine ni mizani. Mnadani kwetu ng'ombe bado anauzwa kwa macho. Dalali anampapasa nundu, anataja bei, basi. Mimi niliyelisha miezi mitatu na yule aliyemtoa porini jana tunapishana kidogo tu. Mtu akilipwa kwa kilo, atalisha. Akilipwa kwa macho, kwa nini anunue mashudu? Mizani mnadani na mtu wa kuisimamia ningevichagua kabla ya mkopo wowote, maana mkopo bila bei ya haki ni kumwongezea mfugaji mzigo.

Sijaacha. Mwezi wa nane nilinunua kilo mbili za mbegu ya ile Mombaça kwenye duka la pembejeo. Pakiti imeandikwa imetoka Brazil. Nilisimama pale dukani nimeishika, nikakumbuka reli, nikalipa. Nimetayarisha nusu ekari karibu na mto, nasubiri vuli niipande. Maksai nitaanza na sita tu safari hii, na madawa ya kuogesha tunachangiana na majirani watatu.

Nakuomba kitu kimoja. Ukirudi dukani, niandikie bei ya kilo ya kila nchi, na uwaulize wauzaji wateja wanataka kipande gani, chenye mafuta au kisicho na mafuta, cha baridi au kilichogandishwa. Huku tunanenepesha gizani, hakuna anayetuambia mlaji anataka nini. Wewe uko hapo hapo mbele ya friji.

Wasalimie watoto na mama yao. Mama anasema usisahau kumpigia.

Wako,
Hamisi