Lebo za fulana: tuangalie kitambaa kabla ya bei

Ndugu Mhariri,

Kila wiki mtandaoni huzuka lebo mpya ya fulana kutoka Sinza, Mbagala au Tabata: nembo moja kifuani, picha tatu zilizopigwa mbele ya ukuta wenye grafiti, na bei ya kutisha. Ukiwauliza wenyewe, watakutajia Supreme, lebo ya nguo ya New York, ambayo kampuni ya VF iliinunua mwaka 2020 kwa dola bilioni 2.1. Hawakuambii kwamba mwaka 2024 VF hao hao waliwauzia EssilorLuxottica, watengeneza miwani, kwa dola bilioni 1.5. Wala hawamtaji mzee wa kazi yenyewe, Shawn Stussy.

Stussy alikuwa mchonga mbao za kuteleza juu ya mawimbi huko Laguna Beach, California. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alizisaini mbao zake kwa mwandiko wa haraka, kama wa vijana wanaochora kuta. Sahihi hiyo akaichapa kwenye fulana ili atangaze mbao. Watu wakazigombania fulana. Mwaka 1984 akaungana na rafiki yake Frank Sinatra Jr. (hana undugu na yule mwimbaji), wakaifanya biashara kamili iitwayo Stüssy. Wavaaji wake walikuwa wapenda mawimbi, skeitibodi, panki, rege na hip hop, yaani watoto walioitwa wahuni. Marafiki wapiga santuri na wapenda muziki wa London, Tokyo na New York waligawiwa majaketi yaliyoandikwa majina yao. James Jebbia, aliyekuwa kwenye duka la Stüssy la New York, akafungua Supreme mtaa wa Lafayette Aprili 1994. Nguo zilipangwa kandokando ya kuta, katikati pakaachwa wazi ili mwenye skeitibodi aingie nayo akiwa juu yake.

Kwa Supreme vijana wetu wameiga uchache wa mzigo na ukubwa wa bei, na fulana yenyewe wakaisahau. Hapo ndipo pa kusemea.

Kitambaa kwanza. Fulana ya pamba iwe na gramu 180 kwa mita ya mraba. Ukitaka ile pana inayosimama mabegani, tafuta 220 hadi 240. Pamba isiyofuliwa kiwandani huweza kurudi kwa asilimia 5, kwa hiyo fulana ya urefu wa sentimita 70 hubaki na 66 na ushee, na mteja ataona kitovu chake. Fua moja kabla ya kununua dazeni. Nyekundu yenye poliesta iogope: rangi ya kitambaa hupanda kwa joto, na nembo uliyoichapa nyeupe hugeuka waridi, pengine siku kadhaa baadaye, fulana ikiwa imeshauzwa.

Skrini, ile fremu iliyowambwa wavu wa kupitishia rangi kwenye fulana, nayo ina hesabu zake. Kwa plastisoli, yaani rangi nzito ya plastiki inayoiva kwa joto, juu ya fulana nyeusi, kitambaa cha skrini chenye nyuzi 43 kwa sentimita kinafaa; kwa mistari myembamba panda hadi 77. Fremu isilale juu ya fulana. Iache nafasi ya milimita 2 au 3, la sivyo kitambaa cha skrini kitanata kwenye fulana na kingo za maandishi zitavimba. Juu ya nyeusi, nyeupe hupita mara mbili: chapa, kausha juujuu mpaka isishike kidole, chapa tena. Wanaobonyeza raba ya kusukumia rangi kwa nguvu ili wapite mara moja huisukuma rangi ndani ya uzi, na nyeupe yao hutoka kijivu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kukausha. Plastisoli haikauki kwa upepo wala jua. Sharti unene wake wote ufike kama nyuzi joto 160. Juu inaweza kuonekana imeiva huku chini bado mbichi. Ndiyo sababu nembo hupasuka baada ya kufuliwa mara tatu, na muuzaji humlaumu dobi. Jaribio lake ni rahisi: fulana ikipoa, ivute. Ikipasuka kama tope la kiangazi, haijaiva. Rangi ya maji ni laini zaidi mwilini, ila kwa joto la Dar hukauka kwenye matundu ya skrini ukiwa unajibu simu. Zima feni, nyunyiza maji kidogo, na kila baada ya kuchapa funika matundu kwa rangi.

Kwa mzunguko wa kwanza fulana 36 zinatosha: S 6, M 12, L 12, XL 6. Nunua 38, mbili ni za kuharibu. Rangi moja tu. Rangi ya pili ni skrini ya pili, na zisipokaa sawasawa umepoteza fulana.

Halafu jina. Supreme, neno la kawaida kabisa kwa Kiingereza, iliwasumbua wenyewe: kampuni nyingine ililitumia Italia, na mwaka 2018 Samsung China ilitangaza ushirikiano na hao wa Italia kabla ya kujitoa. Hapa kwetu alama ya nguo husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, katika kundi la 25, hulindwa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Usajili huo hauvuki bahari; Zanzibar ina wake.

Ombi letu kwa ukurasa wako wa mitindo, Mhariri: mnapotangaza lebo mpya, pamoja na picha na bei, andikeni pia uzito wa kitambaa, aina ya rangi iliyotumika, na fulana ile ikoje baada ya kufuliwa mara tano.

Wachapa fulana,
Ilala, Dar es Salaam