Barua kwa binti yangu kabla hajapanda treni ya Dodoma

Muheza

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Shangazi yako alinipigia simu usiku, na baada ya kunieleza habari za Morogoro na mvua inayotishia bila kunyesha, akashusha sauti na kuniambia kwamba sahani yako hurudi jikoni ikiwa na chakula nusu, kwamba unasema umeshiba baada ya matonge machache, na kwamba kila anapotandika kitanda chako hukuta nywele chini ya mto. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu simu ya shangazi yako husikilizwa na nyumba nzima pamoja na wapangaji, na swali nililo nalo halifai kuulizwa mbele ya watu. Swali lenyewe ni hili: nywele unazojinyonyoa, unazimeza?

Usinijibu haraka. Nakujua, tangu utotoni una tabia ya kusema "hapana, baba" kabla sijamaliza kuuliza.

Sitakusimulia utoto wako, maana ulikuwepo. Kidole gumba na shubiri aliyokupaka mama yako, udongo wa ukuta wa jiko baada ya mvua, mchele mbichi uliokuwa ukiuchota kwenye ungo, pumzi ulizokuwa ukizizuia mpaka midomo ikabadilika rangi na bibi yako akaanza kukusomea Yasini, yote hayo unayajua. Mengi yalipita, kama yanavyowapita watoto wengi. Wapo wanaobamiza kichwa ukutani wakitafuta usingizi, tena wanabamiza kwa nguvu ya kumtisha mzazi, na wengi wao huwa wameacha kabla ya kufika miaka minne bila dawa yoyote. Lakini hili la nywele kwako halikupita. Lilipungua, likajificha, likarudi, na sasa linakwenda nawe chuoni.

Unakumbuka tulivyodhani ni mapunye, na dawa zote za kupaka zilizoisha bila kusaidia. Jambo ambalo huenda hukulisikia, kwa kuwa ulikuwa umetolewa nje, ni alivyotueleza daktari wa ngozi kule Tanga mjini: kwamba kwenye mapunye ngozi huwa na magamba, ilhali kwako ngozi ilikuwa safi na nywele zilikuwa zimekatika kwa urefu tofauti tofauti, zingine fupi kama ncha ya sindano. Alisema ni mikono ya mtoto mwenyewe. Bibi yako hakukubali. Aliendelea kukuandalia kombe la zafarani na kuziokota nywele zako sakafuni azichome, asije mtu mbaya akazichukua na kuzifanyia mambo yake. Nilimwacha, kwa sababu kombe halikukudhuru na kwa sababu mikono yake ilikutuliza kuliko ya mtu mwingine yeyote nyumbani humu, mimi nikiwemo.

Mwalimu mmoja wa shule yako ya sekondari alituita na kusema kwamba unadeka, kwamba makovu aliyoyaona mkononi mwako na ule upara wa utosini vilikuwa njia ya kutafuta kuonewa huruma, na kwamba tukikupuuza utaacha. Alisema hayo akitazamana nami, mwalimu mwenzake, wala sikumpinga. Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi tangu nistaafu. Mtoto anayetaka kutazamwa hajifungii bafuni, wala hajifunzi kufunga ushungi kwa namna ambayo hata upepo wa basi hauwezi kuufunua. Na hata kama kweli ungekuwa unataka tukutazame, ulikuwa na haki hiyo. Anayefika mahali pa kujiumiza ili atazamwe amekwisha kuomba kwa njia nyingine zote na hakusikilizwa.

Nilisoma baadaye kwamba jambo hili limeandikwa na madaktari tangu zamani. Mwaka 1889 daktari wa ngozi wa Ufaransa, François Henri Hallopeau, alieleza habari za kijana wa kiume aliyekuwa akijinyonyoa nywele, na ndiye aliyelipatia jina la kitabibu linalotumika hadi leo. Mara nyingi huanza pale mtoto anapokaribia kubalehe, kama ilivyokuwa kwako. Wengi husema kwamba mkono huanza wenyewe wakati wa kusoma au wa mawazo, na kwamba unywele unapong'oka moyo hutulia kidogo, kisha aibu ikafuata, na aibu ikazaa mawazo mengine, na mkono ukarudi kichwani. Ndiyo maana mabaraza na fimbo havikusaidia kitu, na kuhusu fimbo sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Sasa narudi kwenye swali langu, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Nimekuwa nikikuona, hata mwaka jana tulipokuwa tukisubiri matokeo ya kidato cha sita, ukiupitisha unywele midomoni baada ya kuung'oa, ukiusugua, halafu siuoni tena. Tumbo la binadamu haliwezi kuzisaga nywele. Hazitoki zote upesi kama chakula. Zingine hubaki, zikasokotana, zikashika mabaki ya chakula, na baada ya miezi au miaka huweza kuwa bonge linalojaza tumbo, ambalo mara nyingi huhitaji upasuaji kulitoa. Dalili zake ni hizi hizi alizonitajia shangazi yako bila kujua anazungumzia nini: kushiba upesi, maumivu ya tumbo, kichefuchefu, kukonda. Si kila anayejinyonyoa humeza, na si kila anayemeza hupata bonge. Wanaofikia huko ni wachache. Huenda nawe una vidonda vya tumbo kweli. Lakini kwetu kila tumbo linalouma huitwa vidonda, taifodi au minyoo, na shangazi yako amekwisha kukununulia dawa dukani, nami naogopa utameza dawa hizo muhula mzima huku tatizo likiwa jingine, kwa sababu tu uliona haya kumwambia daktari sentensi moja.

Sentensi yenyewe ni hii: "Huwa najinyonyoa nywele na nyingine nazimeza." Daktari akishaisikia atajua apime nini. Asipoisikia hawezi kuibuni kwa kukutazama, hasa ukiwa umejifunga ushungi. Mwombe pia akupime wingi wa damu, maana ule ulaji wa udongo na mchele mbichi mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma, na sina hakika kwamba uliuacha. Mama yako anasema aliona vipande vya pemba, ule udongo wa kula, kwenye mkoba wako, nawe ukasema ni vya rafiki yako.

Jirani kabisa na chuo chenu ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, na bima yako ya mwanafunzi nimekwisha kuilipia, kwa hiyo usiniambie kwamba umeogopa gharama. Kuhusu Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, najua utakavyocheka au kukasirika. Hospitali ile ipo Dodoma tangu mwaka 1927, na tangu hapo Watanzania wameligeuza jina lake kuwa tusi. Utasikia wenzako wakiambiana "wewe wa kupelekwa Mirembe" mtu akisahau tu daftari. Waache wacheke. Wanaokwenda pale kutibiwa asubuhi na kurudi makwao jioni ni wengi, wakiwemo watu wa ofisini, na kama daktari wa tumbo atakushauri umwone mtaalamu wa afya ya akili, nenda. Mimi mzazi wako sitaona aibu, na kama kuna ndugu atakayeona aibu, mwambie aje aniulize mimi.

Kuna njia ya kujifundisha kuacha ambayo wanasaikolojia wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, waliiandika mwaka 1973, na inatumika bado kwa wanaong'ata kucha, wanaonyonya vidole na wanaojinyonyoa nywele. Kwanza unaandika kwenye daftari ni saa ngapi, mahali gani na katika hali gani mkono ulikwenda kichwani, mpaka uanze kuutambua kabla haujafika. Kisha kila unapotambua, unaukunja mkono ngumi au unashika kitu kwa muda wa kama dakika tatu hivi, mpaka hamu ipungue. Inaonekana ni jambo dogo mno, nami nililidharau nilipolisoma, ila wanaofanya hivyo wakiwa na mtu wa kuwasimamia wengi wao hupata nafuu. Kwa hiyo wewe usilifanye peke yako chumbani. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo kwa ajili ya mambo kama haya.

Mwambie pia mmoja wa wenzako wa chumbani. Mmoja tu, uliyemchagua mwenyewe. Sekondari mlinyolewa wote na hakuna aliyeshangaa kichwa chako. Chuoni wasichana husukana Jumamosi, na utakapokuwa unakataa kila mara wataanza kukutungia sababu. Nakufahamu ulivyo na kiburi, na kiburi hicho hicho ndicho kilichokufikisha kidato cha sita huku ukisoma kwa kibatari siku za mgao, kwa hiyo sikulaumu sana. Lakini mtu akijua, ataweza kukugusa bega unapoanza. Na ukifikiwa na usiku ambao mkono unataka kufanya zaidi ya kung'oa nywele, au ambao unaona heri usiwepo, usisubiri kuche: mwamshe huyo mwenzako, kisha unipigie. Simu yangu haizimwi tena usiku, na mama yako anadhani ni kwa sababu ya mpira.

Hapa nyumbani hatujambo. Machungwa mwaka huu yamezaa, lakini madalali wanataka kuyabeba kwa bei ya kutupwa, nami nimegoma kidogo, ingawa mama yako anasema kugoma kwangu hakutalipa fundi wa bati. Mdogo wako ameanza kung'ata kucha. Nilimwona jana akiwa anasubiri majibu ya jaribio la hesabu, na nilichofanya ni kukaa naye barazani tukamenya machungwa, ili mikono yake ipate kazi. Shubiri sikuileta.

Tranka lako litakuja na basi la Alhamisi hadi Morogoro. Mwambie shangazi amtume kijana wa kulipokea mapema, kwa sababu makondakta hawana subira. Ndani yake kuna shuka mbili, koti la baridi, kwa kuwa upepo wa Dodoma si mchezo, na daftari dogo ambalo unajua sasa ni la nini. Tiketi yako ya treni nimeshaikata. Fedha za kipimo cha ultrasound nimemtumia shangazi yako mbali na fedha za matumizi, upime hapo hapo Morogoro kabla ya kusafiri, usingoje usajili wa chuo uishe. Nimemwambia ni za vidonda vya tumbo. Ukimwambia ukweli mwenyewe nitafurahi, lakini hilo nakuachia. Mimi unijibu kwa maandishi, ndiyo au hapana, kabla ya Jumatatu, na kama ni ndiyo nitakuja Morogoro tuingie kwa daktari wote wawili. Machungwa yatasubiri, au madalali wayachukue.

Baba yako