Dalali wa nyumba aandikiwe mkataba

Mhariri,

Mwaka uliopita niliuza nyumba yangu iliyoko Mukono kupitia kwa dalali, na sijutii kumtumia, kwa kuwa hushinda kazini Kampala na nisingeweza kuwapokea wanunuzi kila wanapobisha hodi. Kosa langu lilikuwa kukubaliana naye kwa mdomo tu. Tulipatana asilimia tano. Siku ya malipo wakajitokeza madalali wengine wawili nisiowajua, kila mmoja akidai kuwa ndiye aliyemleta mnunuzi, na kumbe bei aliyotajiwa mnunuzi ilizidi ile niliyoitaja mimi.

Nawashauri wauzaji waandike mkataba unaotaja ujira, anayeulipa, muda wa kazi, na kwamba bei haitaongezwa kwa siri. Hati halisi ya ardhi isitoke mkononi mwa mwenyewe. Nakala inatosha, kwani mnunuzi anaweza kuihakiki katika ofisi ya ardhi. Tena dalali, hata awe hodari vipi, haondoi ulazima wa ridhaa ya mke au mume, ambayo Sheria ya Ardhi ya 1998 inaitaka kabla ardhi ya familia haijauzwa, wala hamwondolei mwenye kibanja, yaani anayekalia kipande cha ardhi ya mtu mwingine mwenye hati, katika ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi, hasa Buganda) wajibu wa kumpa mwenye hati nafasi ya kwanza ya kununua. Mambo hayo ni ya wakili. Mimi wangu nilimwita mwishoni kabisa, wakati madalali watatu walikuwa tayari wamekaa barazani wakisubiri fedha.

Msomaji wenu,
Kampala