Saratani ya ini na karanga za kumwagiwa maji

Mhariri,

Kila saratani ya ini inapotajwa, tunaambiwa tukapime homa ya ini B na tuchanje watoto. Sawa kabisa. Pombe nayo husemwa, siku hizi hata unene na kisukari. Ila mimi ni mkulima wa karanga hapa Kongwa, na kuna jambo naliona kila msimu sisikii likisemwa.

Karanga zikikauka, ganda huwa gumu, kuzimenya kunachubua vidole. Basi usiku watu huzimwagia maji humohumo kwenye kiroba, asubuhi ganda limelainika. Zikishabanguliwa zinapakiwa zikiwa na unyevu wake, na mizani inausoma unyevu ule kama karanga. (Hata mimi nimefanya hivyo, sijifichi.) Siku chache tu, kuvu kimeota.

Kuvu hicho hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ndiyo sumukuvu tunayoambiwa, na si hadithi za mabwana shamba. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani, yaani vile vilivyothibitika, na inayoumia ni ini. Mwenye virusi vya homa ya ini B akiila, hatari yake inapanda mara nyingi zaidi. Kukaanga hakuiondoi, wala kuchemsha.

Mwaka 2016 huku Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Ile ilikuwa nyingi kwa mkupuo, ndiyo maana ilitangazwa. Hii ya kidogokidogo inakaa miaka bila mtu kuiona.

Kinachoniumiza ni zile mbovu. Tunachambua, nzuri zinakwenda mjini, zilizosinyaa na zenye ukungu tunazitenga pembeni. Nazo zina mnunuzi. Msimu uliopita nilimuuliza wangu anazipeleka wapi. Akanijibu huku akifunga kiroba, "Za kusaga hizi, mama. Unga wa lishe." Uji wa mtoto wa miezi sita!

Wakaguzi hupima unga ukiwa dukani, kwenye pakiti. Waje na huku, kwenye lile fungu la pembeni. Na halmashauri itupatie mashine za mkono za kubangua, maana karanga ikimenywa kavu hakuna atakayehitaji ndoo ya maji. Kijijini kwetu ipo moja, ya mtu binafsi, na foleni yake mwezi wa sita inafika barabarani.

Mkulima wa karanga,
Kongwa, Dodoma