Tangi na samaki visiuzwe siku moja

Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako la Jumamosi makala iliyowahimiza wasomaji kufuga samaki wa baharini ndani ya matangi madogo ya kioo. Wazo hilo sina ugomvi nalo, kwani mimi mwenyewe nina tangi la lita 60 sebuleni kwangu hapa Mombasa. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba makala iliacha msomaji akidhani kuwa kazi yote hufanywa na chujio la dukani, na kwamba ukishalichomeka kwenye umeme waweza kutia samaki jioni hiyohiyo.

Mimi nilifanya hivyo. Nilinunua tangi, chujio, mchanga na samaki mmoja wa buluu aitwaye kangaja kwa safari moja, na swali pekee aliloniuliza muuzaji ni kama nilikuja na gari. Siku ya nne kangaja alikuwa anahema karibu na uso wa maji, matamvua yakienda mbio. Siku ya sita nilimkuta amelala ubavu nyuma ya chujio, ambalo bado lilikuwa linanguruma vizuri kabisa. Chujio halikuwa bovu. Lilikuwa jipya mno.

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Bakteria hao hukaa juu ya mawe, mchanga na sponji, na kwa kawaida huhitaji wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Kwa hiyo anayeanza hana budi kulilisha tangi tupu: atie kipande kidogo cha nyama ya kamba wa baharini kioze humo, apime maji mara kwa mara, na asinunue samaki hadi amonia na nitriti zote zisome sifuri. Mawe makavu yenye matundu mengi, pamoja na sponji inayoendeshwa kwa pampu ya hewa, yanatosha kwa tangi la kiasi hiki. Mawe hayo yasing'olewe mwambani, na ndani ya hifadhi kama za Malindi, Watamu na Kisite kuchukua chochote ni kosa. Sponji ioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si ya mfereji, kwa sababu klorini huwaua wale wale tuliowasubiri mwezi mzima.

Makala ilisifu sana chujio la mkebe uliofungwa. Huenda linafaa mahali ambapo umeme haukatiki. Kwetu, likizimika kwa saa kadhaa bakteria walio ndani hukosa oksijeni na kuanza kufa, na umeme unaporudi uozo wote humwagwa tangini kwa mkupuo mmoja. Afadhali fedha hizo zinunue pampu ya hewa inayotumia betri. Hata mtambo wa kutoa uchafu kwa povu, ambao wauzaji huupigia debe, si lazima ikiwa mwenye tangi hubadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kila wiki.

Kuna kosa jingine ambalo sisi wa pwani hulifanya kwa kuwa bahari iko mlangoni. Maji yanayokauka huacha chumvi yake nyuma. Tangi la lita 60 lenye gramu 35 za chumvi kwa lita lina gramu 2,100. Likipoteza lita sita nawe ukazirudisha kwa maji ya bahari, chumvi inafikia gramu 38.5 kwa lita, na wiki inayofuata inapanda tena. Pengo hilo hujazwa kwa maji matamu yaliyosafishwa. Maji ya bahari ni ya siku ya kubadilisha tu, na yatekwe wakati maji yamejaa, mbali na bandari na mikondo ya mvua, wala si wakati masika yamechafua ufuo.

Kuhusu samaki, kangaja wangu asingedumu hata kama maji yangekuwa safi, kwa maana hukua kupita sentimita 20 na maisha yake ni kuogelea mchana kutwa. Vitatange wengi hula matumbawe hai, na yule mdogo anayewasafisha wenzake vimelea hufa njaa katika tangi lisilo na wagonjwa wa kutosha. Lita 60 zinawatosha samaki wawili au watatu wadogo: jozi ya wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliozalishwa matangini wala si kuvuliwa, na pengine mmoja mdogo wa kukaa chini mchangani. Watiwe kwa awamu, wiki mbili zikipita kati ya awamu moja na nyingine, na mgomvi awe wa mwisho.

Ombi langu kwa wenye maduka ni jepesi. Mteja auziwe tangi leo, aambiwe arudi baada ya mwezi na chupa ya maji yake, na yapimwe pale pale mezani kabla ya samaki yeyote kutiwa kwenye mfuko.

Mfugaji wa samaki,
Mombasa