Aliyezikusanya barua naye atajwe

Mhariri,

Ukurasa wenu wa vitabu hunukuu sana barua za watu wa kale, nami huusoma kila wiki. Kinachoniuma ni kuwa jina la mwenye barua hutajwa, lakini aliyezisaka, akazisoma na kuzichapisha hatajwi kamwe. Leo naomba nimtaje mmoja.

Philippe Tamizey de Larroque alizaliwa mwaka 1828 huko Gontaud, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Alikuwa mwanahistoria. Yeye ndiye aliyetoa, kati ya 1880 na 1883, juzuu mbili za barua za Jean Chapelain, mshairi ambaye utenzi wake mrefu ulichekwa na wenzake. Lakini kazi iliyommaliza ilikuwa barua za Peiresc, mwanazuoni wa Provence aliyefariki mwaka 1637, mtu aliyeandikiana na Rubens, Galileo na nusu ya wasomi wa Ulaya. Juzuu tatu za kwanza ni barua zake kwa ndugu wawili wa Paris, akina Dupuy. Ndani yake umo mpaka ule wakati wa tauni ilipoikumba Aix, naye amekimbilia kijijini kwao Belgentier, bado anaandika.

Mwaka 1895 moto uliteketeza maktaba ya Tamizey, vitabu na maandishi yake. Alikuwa na miaka sitini na sita. Mwaka uliofuata akatoa juzuu ya sita. Ya saba ilitoka 1898, mwaka aliofariki, na kazi bado ilikuwa haijaisha.

Namwonea mzee huyu huruma na fahari, kwa sababu nimeonja tone la kazi yake. Nilinakili barua tatu tu za marehemu babu, za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Wiki mbili nzima! Neno moja lilinizuia siku mbili: ni "dini" au "deni"? Kwa hati ile yanaandikwa sawasawa. Nikakosea, nikajenga hadithi nzima ya babu mcha Mungu, kumbe alikuwa anadaiwa. Tamizey alipita hapo mara ngapi, katika barua ngapi, ili mimi na wewe tusome bila kukwama?

Ndugu Mhariri, mkinukuu tena barua, chini yake ongezeni mstari mmoja: imehaririwa na fulani. Nafasi ipo.

Msomaji wenu,
Tanga