Uje na kamera, picha uziache

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima huko Mombasa na joto lenu halijakuzidi. Sisi huku Nakuru hatujambo. Nyanyako anakusalimu na kuuliza kama ni kweli umenunua kamera ya kutoa picha papo hapo. Nilipomwambia ndiyo, akasema, "Basi aje nayo Disemba, nitavaa leso mpya."

Nami nimefurahi. Nilidhani zilikwisha, maana mwaka 2008 Polaroid, kampuni ya kamera hizo, walitangaza kuacha kutengeneza filamu. Kumbe kuna watu walikifufua kiwanda cha Uholanzi.

Wewe umekua kamera ikiwa ndani ya simu, hukumkuta yule mpiga picha wa Nyayo Gardens. Wenzake walikuandikia risiti urudi wiki ijayo, na ukirudi pengine unaambiwa filamu iliungua. Yeye alibonyeza tu, mashine ikanguruma, karatasi ikatoka. Tukaizunguka. Kikaanza kivuli cha kichwa, ikaja kola ya shati, macho yakawa ya mwisho. Babako alikuwa amefumba jicho moja! Na pesa ya kurudia hatukuwa nayo. Ndiyo hiyo iliyo sebuleni kando ya kalenda.

Kamera hizo zilitokana na swali la mtoto. Mwaka 1943, familia ya Edwin Land, mwanzilishi wa Polaroid, ikiwa likizoni Santa Fe, Marekani, bintiye mdogo alimuuliza mbona picha haionekani pale pale. Kufikia 1948 kamera ilikuwa dukani. (Wewe ukiniuliza maswali kama hayo nilikutuma sukari.)

Sasa sikiliza. Picha hiyo haina negativi ya kutolea nakala nyingine. Ni hiyo moja, na aliyeishika ndiye mwenyewe. Ya marehemu babu yako iko kwa shangazi yako Kakamega, ndani ya Biblia. Tuliwahi kununiana kwa ajili yake. Siku hizi akija anatoka nayo, tunaitazama, tunabishana koti lile lilikuwa la nani, kisha anarudi nayo. Kwa hivyo ukimpiga mtu picha, mwachie yake. Za simu mnaondoka nazo mkisema "nitakutumia", na za harusi ya Lanet sijaziona hadi leo.

Usiitikise ikitoka. Dawa imefungiwa ndani, hakuna cha kukauka. Zilizokuwa zikipungwa ni zile za zamani za kubandua karatasi ya juu. Filamu inapenda joto la nyuzi 13 hadi 28, basi ukipanda basi la usiku isikae karibu na injini. Na tukipanda mlima Menengai, ule upepo wa baridi utaifanya picha ipauke na kuwa ya samawati, kwa hivyo iingize ndani ya sweta mpaka iive.

Pakiti ina picha 8, na Krismasi sisi hatupungui ishirini. Njoo na tatu. Ya kwanza ni ya nyanyako, usikubali shangazi zako wakuhonge kwa chapati.

Mamako